Nauli ndogo na gari zuri: je, kampuni za kuita usafiri kwa simu zinaweza kudumisha vyote viwili?

Swali: "Ndugu mtaalamu, kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiita gari kwa simu karibu kila siku ya kazi. Mwanzoni nauli ilikuwa ndogo, gari lilikuwa safi na lilifika ndani ya dakika tano, hata nikauza gari langu nikiamini kwamba sitalihitaji tena. Sasa nauli imekaribia kuwa mara mbili, madereva wanaghairi wakishajua ninakokwenda, na magari mengine mkanda haufungi. Hivi karibuni imeingia kampuni mpya yenye nauli ya nusu, na magari yake ni mazuri. Mdogo wangu anataka kuchukua mkopo anunue gari ajiunge nayo. Je, hawa wapya wataweza kuendelea hivi, au yatakuwa yale yale? Nimshauri nini?"

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu limebeba hasara ambayo tayari umeipata na nyingine ambayo bado inaweza kuzuilika. Unataka kujua kama ulichokipata mwaka ule wa kwanza kinaweza kurudi na kukaa. Jibu langu ni kwamba nauli ya nusu haitadumu, na ubora unaouona leo kwenye kampuni hiyo mpya hautabaki ulivyo pindi fedha zinazoufadhili zitakapoisha. Kinachoweza kudumu ni kitu cha wastani zaidi, yaani nauli iliyo chini kiasi kuliko ya teksi ya kawaida, mahali ambapo magari hayazunguki sana bila abiria. Naomba uvumilie maelezo marefu kidogo, maana uamuzi wa mdogo wako unategemea kuelewa kwa nini iko hivyo.

Watu wengi wanaamini kwamba nauli ya mwanzo ndiyo iliyokuwa nauli halisi, kisha kampuni zikaingiwa na tamaa. Sikatai kwamba tamaa ipo, lakini nauli ile ya mwanzo haikuwahi kulipia gharama za safari. Uber, kampuni ya Marekani ya kuita gari kwa simu, ilianzishwa San Francisco mwaka 2009, na huduma yake ya kwanza ilikuwa ya magari meusi ya kifahari yaliyotoza zaidi ya teksi. Nauli za kushindana na teksi zilikuja mwaka 2012, pale Uber ilipoongeza daraja la bei nafuu na mshindani wake Lyft akaingia sokoni, na kuanzia hapo kampuni hizi zilishindana kwa fedha za wawekezaji. Abiria alipewa punguzo, dereva akapewa bonasi, na tofauti ikafidiwa na mtu ambaye hakuwa ndani ya gari. Mwaka 2016 Travis Kalanick, aliyekuwa kiongozi wa Uber wakati huo, alisema kwamba kampuni yake ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka nchini China peke yake, na Agosti ya mwaka huohuo biashara yake ya huko ikauzwa kwa mshindani wake wa Kichina, Didi. Mwaka 2019, mwaka ambao hisa zake ziliingia sokoni, Uber ilipata hasara ya dola bilioni 8.5. Faida ya kwanza ya uendeshaji kwa mwaka mzima, ya takribani dola bilioni 1.1, ilipatikana mwaka 2023, miaka 14 baada ya kuanzishwa. Kwa hiyo ulipokuwa ukipanda gari kwa nauli ndogo, sehemu ya nauli yako ilikuwa ikilipwa na mwingine, na huyo mwingine amechoka kulipa.

Dhana ya pili ni kwamba kwa kuwa kampuni ni programu ya simu tu, haina karakana wala magari, basi ikikua gharama zake lazima zishuke. Hili ni kweli kwa upande wa programu: ikishaandikwa, kuhudumia safari milioni hakugharimu mara milioni ya kuhudumia safari moja. Lakini usafiri haufanywi na programu. Unafanywa na tairi, mafuta, pedi za breki na mtu aliyeshika usukani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuwa rahisi kwa sababu tu kampuni imepata wateja wengi. Kiwanda cha sabuni kikizalisha mara kumi zaidi, kila kipande huweza kushuka bei. Gari likitembea mara kumi zaidi, linakula mafuta mara kumi na kuchakaa mara kumi.

Dereva mmoja aliwahi kuniletea daftari lake, akiniomba nimsaidie kuelewa kwa nini anafanya kazi saa kumi na moja kwa siku na bado anakopa fedha za kununulia tairi. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, kona zake zimekunjamana, na katika kila ukurasa alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu idadi ya safari, nauli, kamisheni inayokatwa na kampuni, na mafuta. Safu hizo nne zilijazwa kwa uaminifu mkubwa, bila kukosa siku hata moja. Tulishuka tukasoma kilomita kwenye dashibodi, tukalinganisha na kilomita za safari zilizolipwa, na tukaona kwamba katika kila kilomita 18 alizoendesha, ni 10 tu alizokuwa na abiria. Kilomita 8 zilizobaki zilikuwa za kumfuata abiria, za kurudi kutoka mbali na za kuzunguka akitafuta safari. Hapo tukaongeza safu ya tano, ya kilomita tupu, na ya sita, ya fedha ambazo alipaswa kuziweka kando kwa ajili ya gari lenyewe, ambalo kila mwezi lilikuwa likipungua thamani.

Nitakuonyesha hesabu ya aina hiyo bila kutumia fedha ya nchi yoyote. Chukua nauli ya 100, na kamisheni ya 25. Dereva anabaki na 75. Mafuta ya kilomita zenye abiria na zile tupu yanachukua 30, tairi, oili na matengenezo 10, bima na vibali 4, simu na usafi 2. Hadi hapo zimeondoka 46, na mkononi imebaki 29. Kisha kuna uchakavu wa gari, tuseme 12, ambao haudaiwi leo wala kesho, lakini utadaiwa siku gari litakapokufa. Pato halisi la dereva kwa safari hiyo ni 17. Sasa shusha nauli kwa theluthi moja, iwe 67, huku kamisheni ikibaki robo. Dereva anapata kama 50, gharama zile 46 zinabaki vilevile kwa sababu barabara haijafupishwa, na mkononi inabaki 4. Ukiondoa uchakavu wa 12, amepata hasara ya 8. Nauli imepungua kwa theluthi, lakini pato lake limeshuka chini ya sifuri.

Angalia jambo moja katika hesabu hiyo, kwa sababu ndilo linaloeleza mkanda usiofunga. Dereva yule haoni hasara. Anaona 4 mkononi, anakula, anarudi barabarani. Anachokula ni gari lake, kidogo kidogo. Pedi za breki zinasubiri mwezi ujao, tairi lililoisha linahamishiwa nyuma, kiti kilichochanika kinafunikwa kitambaa, na bima kubwa inabadilishwa kuwa ile ndogo kabisa inayoruhusiwa na sheria. Ndiyo maana magari ya kampuni mpya huwa mazuri: ni mapya, na uchakavu wake bado haujaanza kudai. Baada ya miaka miwili au mitatu yatafanana na hayo unayoyalalamikia leo, isipokuwa kama nauli itapanda vya kutosha kuyatunza.

Sasa tuje kwenye dakika tano ulizokuwa ukisubiri. Ili gari likufikie haraka, lazima wakati unapoliita liwepo gari jirani lisilo na abiria. Dakika chache unazosubiri wewe ni dakika nyingi alizokwisha kusubiri dereva, na dakika hizo hazina anayezilipa. Mwanzoni kampuni ilizilipa kwa bonasi. Bonasi zilipoondolewa, baadhi ya madereva waliacha kazi, magari yakapungua, na kila ombi likaanza kupelekwa kwa gari lililo mbali zaidi. Hapo hali hujiongezea ubaya wenyewe. Dereva anayetumia dakika 12 kumfuata abiria kwa ajili ya safari ya dakika 8 hawezi kuhudumia wengine katika muda huo, kwa hiyo magari yaliyo huru yanazidi kupungua, na ombi linalofuata linaenda mbali zaidi tena. Kampuni hujitoa katika hali hiyo kwa kupandisha nauli saa za msongamano, ili baadhi ya abiria wasubiri na baadhi ya madereva watoke. Wengi wanachukia utaratibu huo, na mimi nauona una kasoro zake hasa abiria asipoelezwa kinachoendelea, lakini bila njia yoyote ya kupunguza maombi au kuongeza magari saa hizo, wengi wangebaki kituoni.

Kughairi kwa dereva nako, mara nyingi, ni hesabu zaidi ya utovu wa adabu. Akiona unakokwenda ni mahali ambapo atarudi gari tupu, safari yako ya 100 inageuka kuwa ya 50. Hilo halimpi ruhusa ya kukuacha barabarani usiku, na kampuni inayolifumbia macho inastahili kulaumiwa. Lakini kumwadhibu dereva bila kulipia kurudi kwake hakutamaliza tatizo, kutamfundisha tu kuzima simu.

Kutokana na hayo utaona kwamba njia ya kweli ya kushusha nauli bila kumwibia mtu ni kupunguza kilomita tupu na muda wa kukaa bure. Yule dereva wa daftari, kama kilomita zake tupu zingeshuka kutoka 8 hadi 4 kwa kila 10 zenye abiria, mafuta kwa kila safari yangepungua kwa zaidi ya moja ya tano, na safari zake kwa siku zingeongezeka. Hapa programu ina faida halisi ambayo teksi ya zamani iliyozunguka ikitafuta mkono ulioinuliwa haikuwa nayo, hasa katika maeneo yenye watu wengi ambako abiria mmoja akishuka mwingine yupo mtaa wa pili. Faida hiyo ina kikomo, hata hivyo. Huwezi kuondoa kilomita zote tupu, kwa sababu ukifanya hivyo hakuna gari litakalokuwa huru kumfuata abiria, na kila mtu atasubiri nusu saa. Asubuhi wote wanaelekea upande mmoja, jioni wanarudi, na hakuna programu inayoweza kuwaagiza wafanye kinyume.

Pengine utaniuliza kama ushindani hauwezi kuzilazimisha kampuni zijibane. Unaweza, kwa upande wa kamisheni, na ndiyo maana sifurahii soko kubaki na kampuni moja. Machi 2018 Uber iliuza biashara yake ya Asia ya Kusini-Mashariki kwa mshindani wake wa huko, Grab. Tume ya ushindani ya Singapore ilipochunguza, iligundua kwamba nauli halisi, baada ya kuhesabu mapunguzo, zilipanda kati ya asilimia 10 na 15, na Septemba mwaka huo ikazitoza kampuni zote mbili faini ya jumla ya zaidi ya dola milioni 13 za Singapore. Lakini ushindani unaweza kugombania ile 25 ya kamisheni tu; ukitaka kuingia kwenye ile 75, unaingia mfukoni mwa dereva. Kampuni inayotoza nusu ya nauli imekwisha kupita kamisheni zamani.

Zipo zilizojaribu njia nyingine, na historia yao inafaa kuangaliwa bila chuki wala ushabiki. Juno ilianza New York mwaka 2016 ikiahidi kamisheni ya asilimia 10 na kuwapa madereva sehemu ya hisa. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa Gett, kampuni nyingine ya kuita magari, kwa dola milioni 200, mpango wa hisa za madereva ukavunjwa, na Novemba 2019 ikafunga. Huko Austin, Texas, Uber na Lyft zilipoondoka Mei 2016 kwa kukataa masharti ya kuwachunguza madereva kwa alama za vidole, wakazi waliunda RideAustin, shirika lisilotafuta faida. Lilifanya kazi nzuri, lakini wakubwa waliporudi mwaka 2017 wateja walipungua, na mwaka 2020 likafungwa. Njia inayonipa matumaini zaidi ni ya Namma Yatri ya Bengaluru, India, iliyoanza na bajaji mwaka 2022: haichukui asilimia ya nauli, bali dereva hulipa ada ndogo ya kutumia programu. Hata hapo abiria hapati nauli ya nusu. Anachopata ni kwamba karibu kila anacholipa kinamfikia anayemwendesha.

Serikali nazo zinaweza kuweka sakafu. New York, kuanzia Februari 2019, iliweka kiwango cha chini cha malipo ya dereva kilicholenga dola 17.22 kwa saa baada ya gharama, na ukokotoaji wake unazingatia pia muda ambao gari halina abiria. Kampuni zikajibu kwa kuwafungia baadhi ya madereva programu katika saa zenye wateja wachache, jambo lililowaumiza waliokuwa wakizitegemea saa hizo. Hata hivyo naiona kanuni hiyo kuwa ya haki, kwa sababu inamtaka anayenufaika na gari kusubiri alipie kusubiri huko.

Kwa upande wako kama abiria, tumia punguzo la kampuni mpya bila kujilaumu, lakini usipange bajeti yako ya mwaka juu yake. Weka programu mbili kwenye simu, ita gari kabla ya saa ya msongamano ukiweza, na ukiwa na nafasi ya kutembea dakika tatu hadi barabara kuu, tembea, kwa sababu unampunguzia dereva kilomita tupu na uwezekano wa kughairi unashuka. Gari ambalo mkanda haufungi usilipande. Ghairi, ripoti kwa kutaja sababu hiyo, na usione aibu hata kama dereva ni mstaarabu. Kuhusu kukubaliana na dereva mmoja nje ya programu, nafahamu kwamba wengi hufanya hivyo na kwamba wote wawili huokoa kamisheni. Kabla ya kuanza, muulize akuonyeshe kama bima yake inamhusu abiria wa kulipia, kwa sababu bima ya gari binafsi inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Kama unafikiria kununua gari tena, jumlisha nauli zako za mwaka mzima kwa viwango vya sasa, si vya miaka minne iliyopita, kisha uziweke kando ya mafuta, bima, maegesho, matengenezo na uchakavu. Usishangae ukikuta kwamba kulipa nauli iliyopanda bado ni nafuu.

Kwa mdogo wako nina wasiwasi mkubwa zaidi, na ningependa asisaini chochote mwezi huu. Madereva wa mwanzo wa kampuni mpya husimulia mapato mazuri kwa haki kabisa, kwa sababu wanayapata. Lakini sehemu ya mapato hayo ni bonasi, ambayo kampuni inaweza kuiondoa kwa ujumbe mmoja wa simu, ilhali marejesho ya mkopo hayaondolewi. Awaombe madereva wawili au watatu wamwonyeshe mapato ya wiki nzima yakiwa yametenganishwa, nauli upande mmoja na bonasi upande mwingine, kisha apige hesabu kwa nauli peke yake. Kama marejesho hayalipiki hapo, mkopo huo haufai, hata kama kila mtu anamsifia. Ningependelea akodi gari kwa miezi mitatu, aandike safu zote sita za lile daftari, halafu ndipo aamue. Akikuta baada ya miezi hiyo kwamba kazi inalipa, nitafurahi pamoja naye, kwa sababu wapo wanaoifanya kwa mafanikio, hasa wenye gari lisilodaiwa na wanaojua saa na maeneo yao.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua nikiwa mbali. Mkataba wa mkopo na ule wa kampuni vinapaswa kusomwa na mwanasheria au mtu wa chama cha madereva anayeujua, mezani, ukurasa kwa ukurasa. Mwombeni aangalie mambo matatu: kama kampuni inaweza kubadilisha kamisheni bila ridhaa ya dereva, kama inaweza kumfungia akaunti bila kumsikiliza, na umri wa juu wa gari unaokubalika. Hilo la mwisho linasahaulika sana. Mkopo wa miaka mitano kwa gari ambalo baada ya miaka mitatu halitaruhusiwa tena kwenye programu utamwacha na miaka miwili ya deni lisilo na kazi. Bima azungumze na wakala ana kwa ana na apewe maandishi. Ikiwa dhamana inayotakiwa ni nyumba au shamba la familia, wanafamilia wote wakae na mhasibu kabla ya siku ya kusaini. Na kama, kwa bahati mbaya, mkopo umekwisha kuchukuliwa wakati unasoma haya, aende kwa mkopeshaji kabla ya kukosa rejesho la kwanza, akiwa na lile daftari mkononi, kwa sababu mwenye deni anayefika mapema na hesabu zake ana nafasi kubwa zaidi ya kupangiwa upya kuliko anayefuatwa nyumbani.